Namba Kumi na Tisa Ilikohamia

Senta ilipotimiza miaka thelathini, wakubwa wa juu waliona vema iandikiwe kitabu. Wakubwa wa juu ni wa juu kweli, maana ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la dawa, wakitaka kumwona mpangaji wanachungulia dirishani kama mtu anayeangalia mvua. Basi tangazo likabandikwa: kila mpangaji atatembelewa na mtu wa ofisi, ataulizwa alianza lini na amepitia nini, atapigwa picha, naye ataingia katika historia ya Senta.

Mama Vitambaa alilisoma kwa sauti, mkono kiunoni. "Miaka thelathini hawajatuuliza hata kama tunaumwa, leo wanataka historia. Huko juu kuna mtu anaota ndoto mbaya, si bure."

Wenzake walicheka. Fundi Funguo hakucheka. Tangu mkewe alipofariki, miaka minne sasa, alikuwa amekaa kama kitasa kilicholegea ndani: ukikizungusha kinazunguka tu, mlango haufungiki wala haufunguki. Anakula akiambiwa ale. Anachonga funguo, na funguo zinafungua. Lakini tangazo lile lilimwingia. Alirudi kwenye chumba chake cha kazi, akatafuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne: MKE WANGU MSUSI ALIKUFA HAPA KWA UZEMBE WA OFISI. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Alitaka maneno hayo yachapwe kitabuni. Picha hakuitaka, wala sifa za kuwa mpangaji wa siku nyingi. Hayo maneno tu.

Na historia yenyewe ilikuwa hivi, maana kitabu chao hakikuisema.

Senta ilijengwa pale mji ulipokuwa unaishia wakati huo, nyumba za jirani bado zinanuka chokaa. Vyumba ishirini na vinne, safu mbili zilizopeana migongo. Safu ya mbele, namba moja hadi kumi na mbili, inatazama barabara. Safu ya nyuma, kumi na tatu hadi ishirini na nne, inatazama vyoo na geti la magari ya mizigo. Mbele kabisa wakajenga karo la saruji la kurushia maji. Siku ya ufunguzi maji yaliruka, mkubwa mmoja akakata utepe, na jioni yake maji nayo yakakatwa. Hayajaruka tena mpaka leo. Watu wanakalia ukingo wake wakila.

Wapangaji wa kwanza walikuwa watu wa mikono. Bucha namba moja, Mama Vitambaa namba tatu, duka la kaseti namba tano, benki ndogo namba tisa. Nyuma walikaa wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea: dobi, fundi redio, Fundi Funguo namba kumi na nne karibu na geti, na mkewe, Msusi, namba kumi na tisa, mkabala na vyoo. Ukisukwa kwake ulikuwa unajua nani katika Senta ameharisha.

Juu ya kila mlango palifungwa kibao cha bati chenye namba, skrubu nne. Nani angedhani skrubu nne zina neno.

Mwaka wa sita benki iliondoka. Ilifunga Ijumaa, Jumatatu haikufungua, hata mlinzi wake hakuwa na habari, alikuja kazini akakuta hana anachokilinda. Mama Vitambaa akakichukua kile chumba kwa kuwa kilikuwa kipana. Siku ya kuhama alimwita Fundi.

"Shemeji, njoo na bisibisi yako. Ning'olee tatu yangu."

"Huku kwenye tisa unaipeleka ya nini?"

"Mifuko nimeshachapisha Namba Tatu. Wateja wananijua Namba Tatu. Mimi na tatu tumeshaoana, talaka sitaki."

Fundi akaing'oa tatu, akaifunga kule ilipokuwa tisa. Ikawa ndiyo desturi. Bucha alipohamia mwisho wa safu, alikwenda na moja yake. Fundi redio alipokufa, mwanawe alihama upande na namba ya baba. Likaja duka kubwa la kila kitu, likameza vyumba vitatu na kuvibomoa kuta, likakaa miaka miwili, likaondoka na rafu zake likaacha panya. Kila anayehama alimwita Fundi, na Fundi hakumkatalia mtu. Kazi ya dakika mbili, unaikataaje? Ikafika mahali tatu inakaa kati ya nane na kumi, moja iko mwisho, na namba sita zilikuwa mbili, moja ni tisa iliyofungwa kichwa chini, wenye nazo hawasalimiani. Mteja hakupotea. Mteja anamfuata mtu wake. Mgeni ndiye aliyepotea, na mgeni ana mdomo.

Huko juu, ofisi ilikuwa na ramani ukutani, ndani ya kioo, iliyochorwa na mjenzi. Mameneja sita walipita, kila mmoja aliikuta akaiacha. Katika mkutano mmoja wa wapangaji, Mama Vitambaa alisimama akasema, "Namba za milango hazifanani na ramani yenu. Shukeni mtazame." Meneja akajibu, "Limechukuliwa." Mwaka uliofuata akasema tena, akajibiwa vilevile. Lilichukuliwa kweli, maana hatukuliona tena. Wakubwa hawaambiwi, huandikiwa; ukiwaandikia hawasomi; wakija kusoma, wameshahamishwa.

Miaka ishirini Msusi alikaa mkabala na vyoo. Kisha watu wakaacha kununua kaseti, duka la kaseti likafa, na chumba chake cha mbele kikawa wazi. Msusi akapewa. Siku ile alivaa gauni la kutokea kwa ajili ya kubeba viti.

"Hiyo kumi na tisa iache hukohuko chooni," alimwambia mumewe. "Mlangoni kuna tano nzuri, imeshafungwa, unahangaikia nini?"

"Wateja wanakujua kumi na tisa."

"Wateja wanaijua mikono yangu. Sikiliza, baba. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi ndiye ninayezichana. Iache."

Akaingia ndani kupanga vioo, huku akiimba kipande kimoja cha wimbo anachokijua yeye, kingine hakijui. Fundi alikuwa ameshapanda kwenye stuli. Miaka yote alikuwa anahamisha namba za watu, mkono ulishazoea, haukuuliza. Aliing'oa tano, akaifunga kumi na tisa. Msusi alipotoka akatazama juu, akasonya, akasema, "Haya, mkaidi wangu. Umenihamishia choo mpaka barabarani." Wakacheka, na likaisha. Miaka sita namba kumi na tisa ilikaa safu ya mbele, kati ya nne na sita mojawapo.

Kile chumba cha zamani cha nyuma ofisi ilikifanya stoo ya rangi. Hakikufungwa kibao chochote.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Akasema, "Ngoja kidogo, mama," akashika kiti, akaanguka. Mteja akapiga kelele, mlinzi akaja, akasoma kibao, akapanda mbio ngazi: kuna mgonjwa namba kumi na tisa. Ofisi ikapiga simu kuita gari la wagonjwa. Ikatazama ramani. Ikaeleza: namba kumi na tisa, safu ya nyuma, pitieni geti la mizigo.

Fundi alikuwa anachonga ufunguo. Aliona gari likiingia kwa geti, karibu kabisa na mlango wake, watu wawili wakashuka na machela. Wakahesabu milango kwa kidole. Kumi na tano, kumi na sita. Wakagonga mlango wa stoo. Una kufuli. Mmoja akarudi akamwona Fundi na mashine yake.

"Mzee, unaweza kufungua hii? Kuna mtu ndani, hajibu."

Fundi alijua ile ni stoo ya rangi. Lakini mtu wa gari la wagonjwa amekwambia kuna mtu ndani hajibu, unaanza kubishana? Alidhani ni kibarua aliyefungiwa na harufu ya rangi. Alichukua vifaa vyake, akapiga goti. Kufuli lilikuwa la ofisi, gumu, lina kutu. Lilimchukua dakika sita. Alifanya kazi vizuri, mikono haikutetemeka. Kwa nini itetemeke? Mlango ukafunguka. Makopo ya rangi, ngazi, fagio.

Yule mwenye machela akatazama karatasi yake. "Hii si namba kumi na tisa?"

Hapo ndipo Fundi alipojua anayeumwa ni nani.

Kuzunguka jengo ni kutoka na gari hadi barabarani na kuingia upya kwa mbele. Walipofika, mteja alikuwa amekaa chini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, amempakata Msusi. Hospitali daktari alisema labda angepona wangefika mapema, na labda asingepona. Fundi hakulisahau hilo labda. Lilikaa naye mezani. Lililala upande wa pili wa kitanda.

Na ofisi? Ofisi ilituma shada la maua, lenye kadi iliyochapwa jina la Senta.

Basi kitabu. Aliyetumwa kukiandika alikuwa dada wa ofisi, mgeni, hajamaliza mwaka, mwenye viatu vya chini na kalamu sikioni. Yeye alifanya ambalo mameneja sita hawakulifanya: alishuka na ramani mkononi. Alipofika kwa Fundi, Mama Vitambaa alikuwa amekaa pale kwenye stuli ya wateja. Si kwamba alikuwa na shida ya ufunguo. Alijua leo ni zamu ya shemeji yake.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu.

"Mzee, afadhali wewe namba yako iko pale inapotakiwa. Tangu asubuhi natembea na ramani hii najiona kama nimelewa. Nani alivichanganya vibao?"

"Wajenzi," Mama Vitambaa akadaka. "Wajenzi wa zamani, mwanangu, walikuwa hawajui kuhesabu."

"Wajenzi? Bucha kaniambia ni upepo."

"Na upepo ulikuwepo."

"Upepo uliofungua skrubu nne nne, mama? Na wa duka la dawa kasema ni watoto wa shule, wanapanda usiku. Dobi kasema hajui kusoma namba."

"Dobi kweli hajui. Si unaona nguo anavyozirudisha?"

Dada wa ofisi akacheka. Fundi alikuwa ameshika ufunguo ambao haujachongwa, ameusahau mkononi. Upepo, watoto wa shule, wajenzi. Hawakuwa wamekaa kikao; wangekaa, wangekubaliana uongo mmoja. Kila mmoja alijitungia wake. Miaka minne walimsikia akiilaani ofisi, wakamwitikia, "Kweli, Fundi, kweli," na wote walijua bisibisi ni ya nani. Alitafuta ndani yake aone limemgusa wapi. Hakuona. Akatoa karatasi mfukoni, akampa yule dada.

Aliisoma mara mbili. Hakucheka tena.

"Nataka iandikwe hivyo hivyo," Fundi alisema.

"Nitaandika, mzee. Lakini anayesoma atauliza uzembe gani."

Akamweleza: gari, geti, kufuli, makopo. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Dada wa ofisi aliandika haraka, kisha kalamu ikasimama.

"Walikwenda nyuma kwa sababu ramani inasema kumi na tisa iko nyuma."

"Ndiyo."

"Na kibao kilikuwa mbele."

"Mwanangu," Mama Vitambaa akainuka, "mwanga ndio huu, mpige mzee picha kabla jua halijahama."

"Nikiandika gari lilipotea, mama, lazima niandike kwa nini. Nikikaa kimya, huko juu watauliza hilo hilo, halafu wafute sentensi yote."

Fundi akauweka ufunguo mezani. "Nilikihamisha mimi."

"Shemeji!"

"Vyote nimevihamisha mimi. Cha kwako, cha Bucha, vyote. Na cha kwake alinikataza. Alisema iache, sikuiacha."

Alisema bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama mtu anayetaja saizi ya kufuli. Mama Vitambaa akakaa tena, akatazama ukuta uliojaa funguo.

"Na ofisi ilikuwa inajua?" dada akauliza polepole.

"Iliambiwa mara mbili mkutanoni. Haikushuka."

"Mimi ndiye niliyesema," Mama Vitambaa akasema. "Niandike na mimi."

Aliandika. Kisha akawasomea: kwamba mume wa Msusi alihamisha kibao, mwenyewe akiwa amemkataza, kwamba ofisi iliambiwa mara mbili namba zimechanganyika na haikushuka kutazama, kwamba gari lilikwenda mlango usio wake. "Niweke yote mawili, mzee?"

"Yote mawili."

Alipoondoka, Fundi alingoja kitu kije. Kilio, au nafuu, watu husema ukitoa la moyoni unapata nafuu. Ilikuja njaa. Mama Vitambaa akamletea chai na mkate. Alikula wote.

Kitabu kilitoka baada ya miezi miwili. Mama Vitambaa alipanda juu kuomba cha kwanza, akashuka nacho akihema, ameingiza kidole ukurasa wa thelathini na moja. Palikuwa na picha ya mlango wa saluni na maneno haya chini yake: Msusi alihudumu katika Senta kwa miaka ishirini na sita. Alifariki kazini kufuatia kuchelewa kwa gari la wagonjwa, kulikosababishwa na mpangaji kuhamisha kibao cha namba bila idhini ya ofisi.

Basi. Ukurasa uliofuata ulikuwa unasifu uongozi.

"Bila idhini!" Mama Vitambaa alipiga kofi meza, funguo zikalia. "Wamekushonea suruali ya mguu mmoja, shemeji. Si nilikukonyeza? Si nilikuambia picha, picha?"

Fundi alikuwa bado anasoma. Husoma taratibu, midomo inatembea. "Si uongo," alisema.

"Ni nusu!"

"Nusu yenyewe si uongo."

Akafunga mashine, akachukua kalamu ya wino aliyokuwa anaandikia saizi, akatoka. Mama Vitambaa akamfuata mpaka chini ya ngazi, goti lake likakataa. "Nenda," alimwambia. "Mimi nikiingia huko leo nitafungwa."

Dada wa ofisi alikuwa mezani. Alipomwona hakumwamkia. "Mzee, nilipeleka yote. Yalirudi hivyo."

"Najua. Vilivyobaki viko wapi?"

Akaonyesha. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani, chini ya ile ramani ya kioo, yakingoja kugawiwa Jumamosi kwa wapangaji, wageni, na wakubwa wa wakubwa. Boksi moja lilikuwa wazi. Fundi akatoa kitabu, akafungua thelathini na moja, akakiweka juu ya kabati la faili, akaandika chini ya yale maneno yao, kwa herufi kubwa: OFISI ILIAMBIWA MARA MBILI HAIKUSHUKA. Akapulizia wino ukauke. Akachukua cha pili.

Alikuwa katika cha saba Meneja alipotoka chumba cha ndani, kikombe mkononi. Alikuwa Meneja wa saba, kijana wa haraka, ambaye Msusi hakumjua wala yeye hakumjua Msusi.

"Mzee, samahani. Unafanya nini na vitabu?"

"Namalizia."

Meneja akanyakua kimoja, akasoma. Masikio yakamwiva. "Hii ni mali ya ofisi. Dada, mwambie mzee aache. Ondoa hayo maboksi."

Dada wa ofisi alinyanyuka. Akafungua mtoto wa meza, akachukua mkasi, akaenda kwenye maboksi. Akainama, akakata utepe wa gundi wa boksi la pili, akalisukuma kwa mguu mpaka alipo Fundi. Kisha akavuta kiti chake mwenyewe akakileta.

"Ni mia tatu, mzee," alisema. "Kaa."

Meneja aliwatazama wote wawili, akarudi ndani kupiga simu kwa mtu fulani aliye juu zaidi. Sauti yake ilisikika ukutani ikieleza, ikinyamaza, ikianza upya kueleza. Fundi alikaa. Dada alikuwa anamfungulia ukurasa, anampa, anapokea, anapanga. Kufika cha arobaini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kama kwenye mashine, na Fundi hakuwa anaifikiria ofisi, wala kibao, wala mkewe. Aligundua tu kwamba neno la mwisho linakaa vizuri zaidi ukianza kuandika karibu na ukingo, basi cha arobaini na moja akakianza karibu na ukingo.